Sauti ya Aminieli

Nyumba zilipolia, Namsifu Mgonja ndiye aliyeitika. Hiyo ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya pale Same, katika jengo la Kampuni ya Kesha lililosimama peke yake kwenye tambarare ya mikonge, na kama kuna mtu aliyedhani ni kazi ya kukaa kitako na kunywa chai, basi angekuja akalie kile kiti asubuhi moja tu. Nyumba zililia kwa sababu za kweli na za kipuuzi. Paka karuka juu ya kabati, nyumba inalia. Babu kaangusha ndoo bafuni, nyumba inalia. Mzee mwingine kaanguka kwelikweli na nyonga imevunjika, nayo nyumba inalia kwa mlio uleule, na ni juu yako wewe uliye mbali kutambua ipi ni ipi kabla mambo hayajaharibika.

Wazee walikuwa wamebaki milimani peke yao. Watoto wao walitawanyika kufuata kazi, na kila mwenye uwezo, kabla ya kuondoka, alimtandikia mzazi wake sakafu sikivu. Sakafu hiyo ilifuata hatua za mtu, ilisikia pumzi zake, na ilipima mapigo ya moyo kupitia nyayo na miguu ya kitanda. Ikiona jambo lisilo la kawaida ilipeleka kengele Same. Hapo kwenye kioo mbele ya Namsifu ikajitokeza ramani ya nyumba, na ndani yake nukta ya njano ikitembea polepole kutoka jikoni kwenda sebuleni. Nukta hiyo alikuwa mama wa mtu.

Mwanzoni wapokeaji wa kengele waliongea kwa sauti zao wenyewe, na wazee hawakuwapa nafasi. Wengine walidhani ni matapeli. Bibi mmoja wa Usangi alikimwagia kipaza sauti cha ukutani maji ya ugali. Ndipo Kesha wakaleta kola. Ilikuwa mkanda mwembamba wa kijivu unaovaliwa kooni. Ulisoma misuli ya koo ikinong'ona, kisha maneno yakatokea upande wa pili kwa sauti ya mtu ambaye mzee anampenda. Mtoto aliyelipia huduma alikaa mbele ya mtambo, akasoma kurasa kadhaa, akasimulia visa vya utotoni, akacheka mara chache, na hayo yalitosha. Mwenzake Namsifu aitwaye Kihiyo, jibaba la Kisambaa lenye ndevu hadi kifuani, alikuwa ndiye binti kitinda mimba wa mzee mmoja wa Rombo, na mzee huyo hakuwahi kumkatalia kunywa dawa.

Namsifu alikuwa Aminieli.

Asubuhi ile, Alhamisi, nyumba ya Mwika ililia kama ilivyozoea. Jiko lilikuwa linawaka na nukta haikuwepo ndani. Namsifu alikaza kola, akafungua kipaza sauti cha barazani.

"Mama, jiko linawaka na wewe uko nje."

"Aminieli?" Bi Aikaruwa alikuwa zizini, sauti yake ikitoka mbali. "Kumbe umeamka."

"Nimeamka, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Niliinjika maharage nikasema nimtupie ng'ombe majani. Sasa ng'ombe naye ana maneno mengi, nikakaa naye kidogo."

Nukta ikarudi ndani ikichechemea, jiko likazimwa. Kwa kanuni za kazi pale ndipo pa kuaga na kufunga kengele, lakini Bi Aikaruwa hakuwa mtu wa kuagwa upesi. Alikuwa amesikia redioni kwamba Wapare wanataka kwenda mahakamani kwa sababu ya mfereji wa maji.

"Hawa watani zetu hawa. Mpare, mwanangu, anauza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Na akichinja huyo kuku, majirani wanapelekewa harufu tu."

Namsifu, Mpare wa Mbaga kwa baba na kwa mama, akacheka kicheko cha Aminieli. Jibu alikuwa nalo, tena la moto, kuhusu Wachaga na wanavyolala na funguo za duka chini ya mto. Akalimeza. Zaidi ya mwaka sasa alikuwa akimeza majibu ya namna hiyo, na kila mara jambo hilo lilimkera, maana utani usiojibiwa ni sawa na bembea inayosukumwa kwenda isirudi.

"Nimekutunzia mkungu wa ndizi mchare," mama akasema. "Unakuja lini nikupikie mtori?"

Mpokeaji hakuruhusiwa kuahidi. "Kazi zikiruhusu, mama."

"Mbona kila siku ni hilohilo? Na majirani nao siku hizi wana kazi. Mama Ndeshi hajapita hapa tangu juzi, hata mayai hajaja kuchukua. Nimemkosea nini?"

Namsifu alisema pengine anaumwa, akaaga, akafunga kengele.

*

Baada ya chakula cha mchana aliitwa ofisini kwa msimamizi. Bwana Rutashobya alikuwa mtu wa Bukoba, mpole, mwenye mazoea ya kupangusa miwani yake kabla ya kusema jambo zito. Alikuwa ameshaivua. Ukutani, kwa simu ya picha, palikuwa na uso wa mwanamke mwenye macho mekundu na kitambaa cheusi kichwani.

"Huyu ni Haikaeli," alisema. "Binti wa Bi Aikaruwa. Yuko Dodoma."

"Wewe ndiye unayeongea na mama," Haikaeli alisema. "Anakusifu sana. Yaani, anamsifu kaka."

Akakirekebisha kile kitambaa cheusi, na Namsifu akaelewa. Alishika ukingo wa meza.

Aminieli alikuwa fundi wa mashamba ya jua kule jangwani Chalbi, kaskazini ya mbali. Jumatatu kioo kimoja kikubwa cha kukusanyia miale kilikatika mhimili wake, naye alikuwa chini yake. Mwili ulikuwa umeshafika Dodoma alikokaa mkewe na watoto. Mazishi yalikuwa Jumamosi, mchana.

"Pole sana, dada," Namsifu alisema. "Na mama mtamchukua lini?"

Haikaeli akatazama pembeni. "Hatumchukui. Hajui, na hatajua kwa sasa. Ana kifaa cha moyo kifuani, daktari amesema asipate mshtuko mpaka kikae sawa. Ndugu wamekubaliana. Majirani nimewaomba wasimwambie, nao wanamkwepa. Ninachokuomba ni kwamba uendelee."

"Niendelee?"

"Uwe Aminieli. Miezi michache tu."

Namsifu alijaribu kusema kwa adabu. "Dada, mimi ni mtani wenu tu, lakini hata mimi najua kwamba mtoto wa Mwika huzikwa kihambani kwao, kwenye shamba la ukoo. Mama akija kujua kwamba mwanawe alifukiwa ugenini, na yeye yuko jikoni anachemsha maharage..."

"Najua." Haikaeli aliinua uso, na machozi yalikuwa yanateremka bila yeye kuyajali. "Unadhani sijui? Nilikuwa na dada, mkubwa wetu. Alipofariki, mjinga mmoja alimpigia baba simu akamwambia moja kwa moja. Baba alianguka akiwa ameshika simu. Tulizika wawili kwa wiki moja. Sitazika tena wawili, dada yangu. Kama ni dhambi niandikiwe mimi."

Hapo Namsifu alimwonea huruma kabisa, huruma ya kumfanya atake kumkumbatia. Haikaeli aliaga, ukuta ukabaki mtupu.

"Mkataba unaruhusu," Bwana Rutashobya alisema akivaa miwani. "Marehemu alilipia hadi mwisho wa mwaka, na sauti ni ya familia. Mimi mwenyewe sikupenda. Lakini familia ndiyo imeamua."

"Na mimi nikikataa?"

"Sitakulazimisha. Nitaiachia mashine iongee yenyewe. Imeshajifunza mazungumzo yenu ya mwaka mzima, na sauti inayo, visa inavyo, kicheko kipo. Haihitaji koo lako." Aliyasema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza habari za mvua. "Fikiri vizuri. Ukiwa wewe, angalau mama ana mtu."

*

Kantini ilikuwa na kelele za vijiko. Kihiyo alimsogezea kitumbua, Namsifu akakitazama tu.

"Mimi ningemwambia kila siku kwamba niko salama," Kihiyo alisema taratibu. "Mzee wangu wa Rombo akifurahi, nami nalala usingizi. Uongo wa msiba si uongo, Namsifu. Hata kwetu Lushoto tunafanya hivyo."

"Hata kwetu."

Ni kweli, na Namsifu aliufahamu uongo huo kwa undani. Alikuwa shuleni Lindi baba yake alipofariki. Baba mdogo alimpigia akasema, baba anaumwa kidogo, anakuulizia, panda basi uje. Njia nzima alikuwa amepakata mfuko wa machungwa, kwa kuwa baba alipenda machungwa akiwa mgonjwa. Alipofika kwenye njia ya kwao aliona maturubai na mabenchi, na wanaume wamekaa kimya wakitazama chini. Kabla hajatua mfuko, mama zake wakubwa walikuwa wameshamfikia. Hawakumwambia kitu. Walimshika, mmoja huku na mmoja kule, na machungwa yakatapanyika hadi kwenye migomba, akapiga kelele akiwa mikononi mwao.

Hakuwahi kumlaumu baba mdogo. Ule uongo ulikuwa umetumwa kumchukua na kumleta nyumbani, na kazi yake iliishia pale njiani penye mikono ya watu. Wazee waliobuni desturi hiyo walijua kwamba habari ya kifo haibebwi na mtu mmoja. Huu wa Kesha ulikuwa wa aina nyingine. Ulikuwa unamwacha mama palepale, peke yake na ng'ombe wake, na kuwaondoa hata waliozoea kupita.

"Huu hauna mwisho," alimwambia Kihiyo. "Leo miezi michache. Mkataba ukiisha utaongezwa. Siku ya kumwambia ni ipi, na nani atakayemwambia? Mimi?"

Kihiyo alitafuna, akafikiri. "Sasa utafanyaje? Umwambie kwa kipaza sauti, yuko peke yake? Utamuua kweli."

"Ndiyo maana nimekaa hapa sili."

Ijumaa yote nyumba ya Mwika haikulia. Namsifu aliitazama ramani yake kila alipopata nafasi. Nukta ilikwenda dirishani, ikasimama sana, ikarudi. Baadaye ilikwenda tena dirishani.

*

Jumamosi asubuhi kengele ya Mwika ililia ikiwaka rangi ambayo Namsifu hakuwahi kuiona kwenye nyumba ile. Safari hii mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe cha ukutani. Mstari wa moyo, chini ya ramani, ulikuwa unapanda.

"Mama, kuna nini?"

"Wewe ni nani uliyepokea?"

Namsifu akashtuka. "Ni mimi, mama. Aminieli."

"Kama ni wewe, mbona simu yako haipokelewi? Nimekupigia tangu jana asubuhi. Nimempigia mkeo, kimya. Haika ananijibu kwa maandishi, yeye asiyependa kuandika. Ila hapa ukutani nikibonyeza tu, unaitika." Alikuwa anahema. "Aminieli, uko wapi? Niambie sasa hivi uko wapi."

Kwenye kioo, kando ya ramani, mashine ilikuwa imeshaandika maneno ya kusema. *Niko kazini, mama. Mtandao wa huku ni mbovu. Usiwe na wasiwasi.* Yalikuwa maneno mazuri, hata Aminieli mwenyewe angeyasema hivyohivyo. Mstari wa moyo ulizidi kupanda, na Namsifu aliona wazi kwamba kinachoupandisha ni huku kutojua. Haikaeli alitaka kumwepusha mama na mshtuko, na sasa mshtuko ulikuwa unamla polepole tangu jana. Na mchana huu, kule Dodoma, wangemtupia Aminieli udongo. Baada ya hapo hapangekuwa na la kurekebisha.

"Mama, kaa kwenye kiti kile cha kuegemea," alisema. "Nisubiri kidogo. Nipo hapa, siendi popote."

Akafunga kipaza sauti. Kwanza alimtuma muuguzi wa pikipiki wa zahanati ya Mwika, hilo lilikuwa halali kabisa. Kisha aliweka kidole juu ya kitufe cha mbiu.

Mbiu ilikuwa kengele ya jirani. Kama moto umewaka na gari la uokoaji liko mbali, mpokeaji aliweza kuziliza nyumba zote za karibu kwa pamoja ili watu wakimbilie penye hatari. Kuipiga bila moto, bila mwizi, bila mtu aliyeanguka, kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, maana watu wakidanganywa mara mbili hawaji mara ya tatu. Namsifu aliyajua hayo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wageni.

Akabonyeza.

Kote kule mlimani nyumba zikalia. Kwenye kioo milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Akafungua njia ya nyumba ya kwanza, ya Mama Ndeshi, akaivuta kola chini ili sauti itoke ya kwake.

"Mama Ndeshi, shikamoo. Naitwa Namsifu, naongea kutoka Kesha. Hakuna moto. Ni Mama Aminieli."

Ikaitika sauti ya mwanamke mtu mzima, imebanwa. "Amejua?"

"Bado. Lakini moyo unamwenda mbio na yuko peke yake."

"Mwanangu, sisi tulikatazwa. Mimi tangu Jumanne napita njia ya juu nisimwone. Nikimtazama tu usoni nitalia, nifanyeje? Hata maziwa yananigandia kibuyuni, hamu ya kula sina."

"Mlikatazwa kumwambia, mama. Kukaa naye hamkukatazwa."

Mama Ndeshi alivuta pumzi ndefu. "Haya," akasema. "Ngoja nichukue khanga yangu."

Namsifu akarudisha kola, akafungua nyumba ya Bi Aikaruwa. Nukta ya njano ilikuwa kitini. Mlangoni zilianza kuingia nukta nyingine, nyeupe, za watu ambao sakafu haiwajui majina: mbili, kisha nne, kisha nyingi. Wengine walikuja na ndoo za maji kwa kudhani ni moto, na ndoo zikasikika zikiwekwa barazani.

"Aminieli," Bi Aikaruwa alisema, sauti imeshuka. "Watu wanaingia. Mama Ndeshi yumo. Wamejifunga khanga viunoni. Wanakaa chini, Aminieli. Hawanisalimu. Kwa nini wanakaa chini?"

Hakuna mama wa mlimani asiyejua maana ya majirani kuingia kwako na kukaa sakafuni bila salamu. Namsifu alilijua hilo, na alijua pia kwamba neno litakalofuata, lolote lile, halipaswi kusemwa kwa sauti ile. Alifungua kifungo cha kola, akaivua, akaiweka mezani. Koo lake lilihisi baridi.

"Mama," alisema. "Mimi si Aminieli."

Mstari wa moyo uliruka.

"Naitwa Namsifu Mgonja. Nafanya kazi Same. Mwaka mzima huu, kila nyumba ilipolia, aliyekuwa anakuitikia ni mimi, nimevaa sauti yake. Alinipa kazi hiyo mwenyewe ili usiogope. Jumapili aliyekuwa akikupigia ni yeye. Siku nyingine zote ni mimi. Nisamehe, mama."

"Mgonja," Bi Aikaruwa alisema polepole sana. "Wewe ni Mpare."

"Ndiyo, mama. Wa Mbaga."

"Mwaka mzima nimekaa na Mpare ndani ya nyumba, nikimsema, na yeye anacheka." Ilikuwa kama anataka kucheka, lakini kicheko hakikufika. "Basi mwanangu mwenyewe yuko wapi?"

Haikuwa haki ya Namsifu kulijibu swali hilo kutoka Same. Alisikia khanga zikichakarisha, miguu ikiburuzika sakafuni, na aliona kwenye kioo nukta moja nyeupe ikisogea hadi ikagusana na ile ya njano, na nyingine ikaja upande wa pili.

"Nishike mkono, wifi yangu," Mama Ndeshi alisema. "Nishike vizuri. Aminieli ametutoka."

Kilio kilichotoka pale Namsifu hakuwahi kukisikia katika kazi yake yote. Kola haikuwahi kufundishwa sauti ya namna hiyo. Wanawake wote walikipokea, kikawa kimoja, na Namsifu naye akalia palepale kitini, bila kujificha, huku wenzake wakivua hedfoni zao na kumgeukia.

Bwana Rutashobya alikuwa amefika mgongoni kwake. Alikuwa anatazama mstari wa moyo, umefika kwenye rangi nyekundu. "Umefanya nini, binti?" alisema. "Umefanya nini?"

"Muuguzi yuko njiani, mzee. Ameshapita kanisani, anapanda mlima."

Na hapo, katikati ya kilio, Bi Aikaruwa aliita. Hakumwita Mama Ndeshi wala Haika. Aliuelekea ukuta. "Wewe binti. Bado unayo ile sauti?"

"Ninayo, mama. Iko hapa mezani."

"Ivae." Alikuwa anakokota maneno. "Mara moja tu. Hakuniaga. Ivae aniage, halafu basi, sitakuomba tena. Nakuomba, mwanangu. Nakuomba kwa mama yako aliyekuzaa."

Kwenye kioo mashine iliandika kwa kijani: *Sauti iko tayari.* Rutashobya aliinama. "Mpe," alinong'ona. "Uone huo moyo. Mpe neno moja atulie."

Namsifu aliichukua kola. Ilikuwa nyepesi kama siku zote. Neno moja tu, kwaheri mama, nani angepungukiwa? Lakini kesho mama angeomba tena, na keshokutwa, na mashine isingechoka kumwaga kwaheri, na yule aliyelala Dodoma kwenye jeneza angekuwa haagi wala haagwi. Alimpenda yule mwanamke. Aligundua wakati ule kwamba alimpenda kwelikweli, si kwa koo la kuazima.

"Hapana, mama," alisema. "Aminieli sina. Nina sauti tu."

Bi Aikaruwa alimlaani. Alimwita mchawi, akamwita jiwe, akasema Wapare wote ni mawe, kisha akamwomba tena, na tena, na Namsifu kila mara alijibu, "Nipo, mama. Ni mimi Namsifu," akiwa ameikunja kola kiganjani hadi ukingo wake ukamwumiza. Hakukata njia. Muuguzi aliingia, nukta nyeupe zikampisha. Kulikuwa na sindano, kulikuwa na maji ya kunywa. Mwanamke mmoja pale sakafuni alianzisha wimbo wa kanisani kwa Kichaga, wenzake wakaudaka, na mstari wa moyo, ambao wote wawili pale Same walikuwa wameukodolea macho, ulitetemeka, ukasita, ukaanza kushuka.

Rutashobya akavuta kiti cha pembeni, akakaa. Baada ya muda alinyoosha mkono, kiganja juu. Namsifu akamwekea kola kiganjani.

Wimbo ulikuwa umefifia. Ilikuwa bado asubuhi, jua halijafika kichwani.

"Binti Mpare," Bi Aikaruwa akaita. Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa yake. "Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Wanamzika wapi?"

"Dodoma. Leo mchana."

Namsifu alisikia wanawake wakinong'onezana, na Mama Ndeshi akisema neno moja kwa Kichaga.

"Nipigie Haikaeli," mama akasema. "Mwambie mama yake amejua, na hajafa. Mwambie wasimfukie mtoto wangu huko. Wamlete alale kwa baba yake, mimi nitamsubiri."

Namsifu alitazama juu. Kwa kanuni alikuwa si mfanyakazi tena, na kile kioo hakikuwa chake. Bwana Rutashobya aliivua miwani, akaanza kuipangusa, akageukia dirishani.

Namsifu akapiga. Simu iliita kwa muda mrefu, kisha ikapokelewa, na nyuma ya pumzi za Haikaeli zikasikika kelele za watu wengi na mabenchi yakiburutwa.

"Haloo? Nani?"

"Ni mimi, Namsifu," alisema. "Nimetumwa na mama yako."